Sura ya Nne: Sauti ya Afande

Neno "nyuma" lina silabi mbili tu, lakini kwenye uwanja wa gwaride linaweza kurefushwa mpaka likamaliza pumzi ya mtu.

"Nyumaaa..."

Halafu kimya. Makuruta mia moja na ishirini wamesimama vumbini, visigino vimegusana, ngumi zimebanwa kwenye mshono wa suruali, macho mbele. Nzi ametua kwenye shavu la mmoja wao na hakuna wa kumfukuza. Neno linalofuata kila mmoja analijua kama anavyolijua jina la babake. Hata hivyo hakuna ruhusa ya kutikisika mpaka litamkwe.

"...geuka!"

Ikiwa ni wiki ya kwanza, kinachosikika hapo ni kama debe la mahindi limemwagwa juu ya bati. Buti mia mbili na arobaini zinafika chini kila moja kwa wakati wake. Mmoja aligeuka tangu "nyuma". Mwingine hakugeuka kabisa, na sasa anatazamana uso kwa uso na mwenzake wa mstari wa mbele, wote wawili wakijiuliza nani kakosea. Afande hakuona lolote kati ya hayo, maana alikuwa amefumba macho. Mwalimu wa kwata aliyekomaa hupima kundi kwa sikio kwanza.

"Mahindi hayo," anasema. "Rudia."

Watu wengi wakimkumbuka afande wao hukumbuka kelele. Hukumbuka matusi ya kuchekesha, kichurachura, pushapu kwenye matope, jina la utani walilopachikwa siku ya kwanza likawaganda mpaka leo. Ni kweli vyote vilikuwepo. Lakini ukimtazama mtu huyu akiwa kazini, utagundua kwamba kelele ni chombo tu, kama nyundo ilivyo kwa seremala. Kitu anachokitengeneza kinakaa kwenye ule ukimya mfupi kati ya "nyuma" na "geuka". Pale ndipo anapowafundisha watu mia moja kungoja pamoja, na kuacha kungoja pamoja.

Amri yenye vipande viwili

Karibu kila amri ya kwata ina vipande viwili. Kipande cha kwanza huuambia mwili nini kinakuja, na cha pili huuambia kwamba wakati ni huu. Mbele, tembea. Kulia, geuka. Cha kwanza huburutwa na cha pili hutupwa kama jiwe. Nafasi iliyo katikati inatakiwa iwe ndefu kiasi cha kutosha akili kuelewa, lakini isizidi hapo, maana misuli ikingoja sana huanza kutetemeka na mtu huondoka kabla ya wakati. Afande mgeni huharibu gwaride zima kwa kukosea nafasi hiyo, kisha huwaadhibu makuruta kwa kosa lake mwenyewe.

Kiswahili kina ugumu wake katika kazi hii. Maneno yetu huishia kwa vokali, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. "Simama" huacha mlango wazi kidogo. Ile "ma" ya mwisho inabaki ikining'inia. Kiingereza kina neno kama "Halt", ambalo hufungwa kwa konsonanti na mlango ukagongwa. Mwalimu wa kwata wa Kitanzania amelitatua jambo hilo kwa koo lake. Hulikata neno ghafla mwishoni, kiasi kwamba mgeni akisikia kwa mbali hawezi kusema ni lugha gani. Kuruta naye, baada ya siku kadhaa, haangalii tena maana ya neno. Mwili wake unafuata mkato.

Lakini nguvu ya sauti hiyo haitoki kooni. Anayepiga kelele kwa koo huamka siku ya tatu akikoroma kama chura, na walimu wengi wapya hupitia hapo. Wakongwe humfundisha ajaze tumbo hewa, aisukume kutoka chini ya mbavu, na asielekeze sauti kwa mtu aliye mbele yake bali kwa yule wa mwisho kabisa, kwenye kona ya uwanja. Ni somo ambalo muadhini na mwimba taarabu wangelitambua mara moja.

Kazi hii kwa kawaida si ya maofisa wenye nyota mabegani. Ni ya makoplo na masajenti, watu ambao miaka michache nyuma walikuwa wamesimama kwenye vumbi lilelile. Huamka kabla ya makuruta ili wawakute wamelala, na hulala baada yao ili wajue nani analia usiku. Kabla jua halijachomoza wako mbele ya mchakamchaka wakiongoza chenja. Na chenja nayo ina hesabu yake. Anayeanzisha wimbo huhakikisha neno zito linaangukia mguu wa kushoto. Anayeitikia analazimika kuvuta pumzi kwa mpangilio, kwa hiyo anakimbia mbali kuliko alivyodhani anaweza. Kuruta anadhani anaimba ili asahau uchovu, kumbe wimbo ndio unaompimia mapafu.

Nchini Tanzania mtu huyu hakubaki kambini. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, na mwaka 1966 ikaja sheria ya kuwalazimisha wasomi kupita humo. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Oktoba mwaka huo kuipinga, na Mwalimu Nyerere akawafukuza chuo mamia kati yao. Utaratibu wa lazima ulisitishwa mwaka 1994, ukarejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, na mwaka huohuo hata baadhi ya wabunge walikwenda kambini, wakavaa bukta na kuitika "Ndiyo, afande!" Ndiyo maana katika nchi hii daktari wa meno anaweza kukuonyesha mguu pande na mguu sawa katikati ya harusi, na wazee wawili wasiojuana wakaanza urafiki kwa kuulizana kundi walilopitia jeshini humo: "Wewe ulikuwa operesheni gani?"

Mkono na mguu

Kila kundi la makuruta huwa na mmoja ambaye mkono wake wa kulia hutoka pamoja na mguu wa kulia. Maisha yake yote ametembea vizuri, shambani, shuleni na sokoni, na mikono na miguu ikapishana bila yeye kuiuliza. Akiambiwa "mbele tembea", mwili husahau. Anakwenda kama ngamia. Wa nyuma yake anamtazama, anacheka, anapoteza hatua, na safu nzima inavurugika.

Afande asiye na uzoefu humpigia kelele. Kelele huleta woga, woga hukaza mabega, na mabega yakishakaza mkono hauna njia nyingine ila kufuata mguu. Kadiri anavyofokewa ndivyo ungamia unavyozidi. Jioni huandika kwamba kuruta huyu ni mkaidi.

Mwenye uzoefu humtoa pembeni, mbali na macho ya wenzake, na mazungumzo yao huwa ya namna hii.

"Nyumbani wapi?"

"Kahama, afande!"

"Punguza sauti, niko hapa. Kahama kuna mnada?"

"Upo, afande."

"Mnada uko pale kwenye mwembe. Nenda kanunue mbuzi. Usipige kwata. Nenda tu."

Kuruta anakwenda, akidhani huu ni mtego wa adhabu. Afande anatembea kando yake, hasemi kitu, anagonga fimbo kwenye buti lake mwenyewe. Tak. Tak. Tak. Katikati ya njia mikono ya kijana imeshajipanga yenyewe, kulia na kushoto, kama ilivyojipanga siku zote alipokuwa akienda mnadani. Afande anaanza kunong'ona pamoja na fimbo: kushoto, kulia, kushoto. Wanafika kwenye mwembe.

"Umenunua?"

"Nimenunua, afande."

"Mrudishe huku. Kwa hatua hiyohiyo."

Fimbo hiyo nayo ina habari yake. Katika majeshi yaliyorithi mila za Uingereza, sajinimeja hubeba fimbo inayofunguka kama bikari ya shuleni, ili kupimia urefu wa hatua. Kipimo cha kawaida ni inchi 30, karibu sentimita 76. Jeshi la Marekani hutembea hatua 120 kwa dakika katika mwendo wa kawaida wa gwaride, ambayo ni takriban mita 91. Wanajeshi wa kikosi cha wageni cha Ufaransa, Légion étrangère, hutembea hatua 88 tu, na mwendo huo wa polepole huwafanya watishe zaidi kuliko wanaokimbia. Tarakimu hizi zinaonekana kama mapambo, lakini zamani zilikuwa suala la uhai na kifo.

Kazi iliyozaliwa na baruti

Turudi nyuma hadi Uholanzi ya miaka ya 1590. Maurice wa Nassau anapigana na Hispania, na askari wake wana bunduki za utambi. Ili kufyatua risasi moja, mtu anatakiwa kumimina baruti, kusukumiza risasi, kurudisha mti wa kushindilia mahali pake, kuweka baruti nyingine kwenye kisahani, na wakati wote huo mkononi ameshika utambi unaowaka. Na jirani yake, umbali wa kiwiko, anafanya vivyo hivyo. Mmoja akikosea mpangilio, adui hana haja ya kuja.

Maurice na binamu yake Willem Lodewijk walisoma vitabu vya kale kuhusu majeshi ya Wagiriki na Warumi, wakarudi na jibu: vunja kazi nzima katika vitendo vidogovidogo, kila kitendo kiwe na amri yake, na wote wakifanye pamoja. Mwaka 1594 Willem Lodewijk alimwandikia barua Maurice akimweleza namna safu zinavyoweza kupokezana: wa mbele anafyatua, anarudi nyuma kushindilia, wa pili anachukua nafasi yake. Mwaka 1607 mchoraji Jacob de Gheyn alitoa kitabu cha picha za mafunzo hayo. Kina michoro 117, yaani 42 ya bunduki nyepesi, 43 ya bunduki nzito, na 32 ya mkuki mrefu. Kila mchoro ni tendo moja, na kila tendo lina neno lake. Afande tunayemjua alitoka humo: mtu wa kusimama mbele ya vijana wa vijijini na kuyarudia matendo hayo mpaka mikono iyajue kuliko akili.

Leo hakuna jeshi linalopigana kwa kusimama mistarini. Kwa nini basi kwata haikufa?

Jibu zuri kuliko yote nililowahi kusoma lilitoka kwa mtu aliyekuwa kuruta. Mwaka 1941 kijana mmoja Mmarekani, William McNeill, aliitwa jeshini akapelekwa kambi ya Texas kufunzwa kutungua ndege. Mizinga ya kujifunzia ilikuwa haitoshi. Maofisa, kwa kukosa la kuwapa vijana, wakawapigisha kwata kwenye vumbi saa baada ya saa. Kwa akili zake McNeill aliona ni upuuzi mtupu. Lakini mwili wake ulimwambia jambo jingine: baada ya muda alihisi raha ya ajabu, kama vile amekuwa mkubwa kuliko umbo lake, na kama vile wale watu asiowajua wamekuwa ndugu. Baadaye alikuja kuwa mwanahistoria mashuhuri, na mwaka 1995, akiwa mzee, akaandika kitabu kizima kuhusu hisia ile. Hoja yake ni kwamba watu wanaotembeza miili yao kwa mdundo mmoja hufungamana kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuwafunga. Kwata na ngoma, kwa maoni yake, ni watoto wa tumbo moja.

Huku kwetu hakuna mwenye haja ya kushawishiwa. Aliyewahi kucheza ngoma usiku kucha anajua.

Baroni asiyejua Kiingereza

Tarehe 23 Februari 1778, Mprusi mmoja aliwasili Valley Forge, Pennsylvania, ambako jeshi la George Washington lilikuwa limepiga kambi ya majira ya baridi. Jina lake Friedrich Wilhelm von Steuben. Barua za utambulisho kutoka Paris zilimfanya aonekane kama jenerali wa Mfalme Frederick. Ukweli ni kwamba cheo chake katika jeshi la Prussia kilikuwa kapteni. Alikuta watu wenye njaa, wengine bila viatu, na maradhi yaliyokuwa yakiwamaliza. Kufikia mwisho wa kambi hiyo karibu watu 2,000 walikuwa wamekufa. Kila kikosi kilikuwa na kwata yake, na wengine hawakuwa nayo.

Hakujua Kiingereza. Mwezi Machi alichukua kundi la watu kama mia moja tu, akaanza nao, na akafanya jambo lililowashangaza maofisa: alishika bunduki mwenyewe, akawaonyesha kwa mikono yake. Maofisa wenye mila za Kiingereza waliona kazi hiyo ni ya sajenti, si ya muungwana. Mambo yalipomwendea kombo alitukana kwa Kijerumani, akamalizia kwa Kifaransa, na matusi yalipomwishia akamwomba kapteni Benjamin Walker, mkalimani wake, amtukanie kwa Kiingereza. Askari wakavunjika mbavu. Na wakiwa wanacheka, wakajifunza. Wale mia walipoiva wakasambazwa kuwafundisha wengine, na tarehe 28 Juni mwaka huohuo, kwenye mapigano ya Monmouth, jeshi lile lile lilisimama uwanjani kwa mpangilio mbele ya askari wa Uingereza.

Kuna barua ya Steuben kwa rafiki yake wa Ulaya ambayo kila mwalimu wa kuruta angepaswa kuijua maudhui yake. Alieleza kwamba kwao unamwambia askari fanya hivi, naye anafanya. Lakini kwa Wamarekani alilazimika kwanza kuwaeleza kwa nini, ndipo wafanye. Kwa Mprusi wa karne ya 18 hiyo ingeweza kuwa lawama. Yeye aliigeuza kuwa mbinu. Kanuni alizoziandika, zilizochapishwa mwaka 1779, zinamtaka kapteni ajipatie upendo wa watu wake kwa kuwatendea kwa utu, na amjue kila mmoja wao kwa jina. Kitabu hicho kilitumika katika jeshi la Marekani kwa zaidi ya miaka thelathini.

Neno "jina" tuliweke mfukoni. Tutalihitaji.

Effendi akawa afande

Jina la afande wetu limesafiri mbali. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann, aliyetumwa na Ujerumani kuzima vita vya Abushiri pwani, aliajiri mamia ya askari wa Kisudani huko Cairo. Hawa walikuwa wamefunzwa katika jeshi la Misri, na jeshi la Misri lilitumia vyeo vya Kituruki. Wakaja navyo: ombasha, shaushi, bet-shaushi, na juu kabisa effendi, cheo kikubwa kuliko vyote alivyoweza kupata Mwafrika katika jeshi la Wajerumani. Amri zenyewe zilitolewa kwa Kijerumani, lakini maisha ya kambini yakaendeshwa kwa Kiswahili. Ombasha na shaushi siku hizi wako kwenye kamusi na vinywani mwa wazee wachache. Effendi, aliyelainishwa na ndimi za pwani, yu hai. Afande anaitwa Dar es Salaam, Kampala na Kigali, na nchini Tanzania hata trafiki barabarani huitwa hivyo na dereva aliyekosa leseni.

Waingereza nao, katika King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, walikuja kuanzisha cheo cha effendi miaka ya mwisho ya ukoloni. Mmoja wa waliokipata, mwaka 1959, aliitwa Idi Amin.

Wakati majeshi yakifundisha watu kwata, watu walikuwa wakiitazama. Tangu miaka ya 1890, kwenye miji ya pwani ya Kenya, vijana walianzisha ngoma waliyoiita beni, kutokana na bendi za kijeshi. Walijipanga safu, wakavaa sare, wakapiga tarumbeta, wakatembea kwa hatua za gwaride, wakageuka kwa amri. Mombasa kulikuwa na Kingi na Scotchi. Upande wa Tanganyika kulikuwa na Marini na Arinoti, vyama vilivyoenea hadi bara na kushindana kwa mavazi, karamu na maneno makali. Viongozi wao walijipa vyeo vya kijeshi na vya kifalme. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu juu ya beni mwaka 1975, na akaonyesha kwamba haikuwa kuiga kwa ujinga. Watu walikuwa wameona nguvu iliyo ndani ya mdundo ule, wakaichukua, wakaifanya yao, bila bunduki na bila kuruta kulala korokoroni.

Nadhani watu wa beni walimwelewa mwalimu wa kwata mapema kuliko wakoloni walivyojielewa wenyewe. Walichokisikia kwake kilikuwa ngoma.

Usiku wa Ribbon Creek

Lakini ngoma ikivuma sana hupasuka.

Jumapili ya tarehe 8 Aprili 1956, katika kambi ya wanamaji ya Parris Island, South Carolina, Sajenti Matthew McKeon alikuwa na platuni namba 71. Lilikuwa kundi lake la kwanza tangu awe mwalimu. Aliliona limelegea. Siku hiyo alikuwa amekunywa pombe. Jioni aliamua kuwatoa wote, zaidi ya vijana sabini, akawaongoza gizani kuelekea kijito cha maji ya bahari kiitwacho Ribbon Creek. Alitangulia yeye mwenyewe kuingia. Chini kulikuwa na matope, maji yalikuwa yakisukumwa na kujaa na kupwa, na wengine hawakujua kuogelea. Wakaingia penye kina. Safu ikavunjika, wakaanza kushikana na kuzamishana. Vijana sita walikufa.

Kesi yake ilitikisa Marekani. Mahakama ya kijeshi haikumtia hatiani kwa shitaka zito zaidi la kuua, ila kwa uzembe uliosababisha vifo na kwa kunywa pombe mbele ya kuruta. Adhabu yake ilipunguzwa baadaye, akashushwa hadi askari wa kawaida. Baada ya hapo usimamizi wa walimu ulikazwa, na mwaka huohuo walimu wa kwata wa wanamaji walirudishiwa ile kofia pana ambayo leo dunia nzima inaijua kwa sinema.

Rahisi ni kumwita katili na kufunga ukurasa. Lakini katili hatangulii majini. McKeon aliamini alikuwa akifundisha nidhamu, na hapo ndipo penye funzo. Vijana wale walimfuata kwenye giza na maji kwa sababu mafunzo yalikuwa yamefaulu. Wiki za "kushoto, kulia" zilikuwa zimewafundisha kwamba mguu wa aliye mbele ukiondoka, wako nao unaondoka. Silaha ya kwanza anayokabidhiwa mwalimu wa kuruta ni utiifu wa watu wasiojua bado lini waukatae, na hakuna ghala la kuifungia usiku.

Kila jeshi lina Ribbon Creek yake, ndogo au kubwa. Ipo pale ambapo adhabu inageuka mchezo wa mwenye kuadhibu. Ipo pale kuruta anaposema anaumwa na afande anasikia uvivu. Steuben, kwa matusi yake yote, aliwachekesha watu wake. Kati ya kicheko hicho na ukimya wa wale waliokuwa wakiingia majini kuna umbali ambao mwalimu wa kwata anatakiwa kuupima kila siku, na fimbo ya inchi 30 haiwezi kumsaidia.

Mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto

Siku ya kufunga mafunzo, afande hana kazi. Turubai zimefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, mgeni rasmi amefika kwa kuchelewa kidogo kama inavyotarajiwa. Amri leo zinatolewa na kamanda wa gwaride, ofisa mwenye upanga. Makoplo na masajenti waliofanya kazi yote wamesimama kando, nyuma ya bendi, sare zimepigwa pasi mpaka zinakata.

Chini ya turubai yuko mama aliyesafiri usiku kutoka Kahama. Anamtafuta mwanawe. Anapitisha macho safu kwa safu: kofia moja, kombati moja, kidevu kimoja, mia moja na ishirini wenye urefu wa hatua uleule. Anamuuliza jirani yake, jirani naye anatafuta wake. Miezi michache iliyopita angemtambua kijana huyu kwa mbali akiwa amempa mgongo, kwa mwendo tu. Mwendo wenyewe ndio umechukuliwa.

"Nyumaaa..."

Afande anafumba macho. Nzi lazima yupo mahali fulani, kwenye shavu la mtu.

"...geuka!"

Kishindo ni kimoja. Hakuna hata punje iliyoanguka nje.

Anafumbua macho, na bila kutafuta anamtazama mmoja, mstari wa pili, wa tatu kutoka kushoto, ambaye sasa anaambiwa atembee mbele. Mguu wa kushoto unatoka, kisha wa kulia. Mkono wa kulia unabaki nyuma, mahali pake, kama wa mtu anayekwenda mnadani kununua mbuzi. Afande anamtaja jina kimyakimya, na mama bado anatafuta.